"Padre Yupo Kwenye Ukimya": Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kichungaji, Uwanda wa Makonde

Kisa hiki nimekiunga kwa ajili ya mapadre, wachungaji, masista na makatekista wanaokaa pamoja kujifunza kazi ya uchungaji. Vipande vyake hutokea katika parokia nyingi za kusini, kwa hiyo asitafutwe padre fulani wala kijiji fulani ndani yake. Nimekiweka kwenye uwanda wa juu wa Makonde, kati ya Newala na Tandahimba, kwa sababu huko mambo mawili yanayogongana katika kisa hiki yana nguvu sawa: kazi isiyokwisha, na urithi wa sala ulioletwa Kusini na wamonaki.

Paroko ni mtu wa miaka arobaini na kidogo. Ana vigango kumi na kimoja, yaani makanisa madogo ya vijijini yaliyo chini ya parokia, na pikipiki moja, na tangu msaidizi wake alipopelekwa masomoni yuko peke yake. Mwaka wake unakwenda na mkorosho. Juni na Julai watu wako shambani wanapuliza salfa. Kuanzia Oktoba minada inafunguliwa na fedha zinaingia, na nyuma ya fedha zinakuja ndoa zilizokuwa zikisubiri mahari, madeni ya kangomba (korosho zilizouzwa kwa bei ya chini kabla ya msimu), ugomvi wa ndugu juu ya mikorosho ya marehemu, ulevi, ajali za pikipiki, na sadaka ya mavuno ambayo parokia itaishi nayo mwaka mzima. Yote hayo yanapita mlangoni kwa paroko.

Msimu mmoja kabla ya tukio, alitoa mpako wa wagonjwa katika nyumba mbili za kigango kimoja, akarudi, akala, akaingia kulala. Usiku akataka kuwaombea wagonjwa wale, akashindwa kukumbuka sura hata ya mmoja wao. Alikumbuka kichupa cha mafuta, ukurasa wa kitabu, na pikipiki aliyoiacha ikiunguruma nje ili asipoteze muda wa kuipiga kiki. Alipoonana na mlezi wake wa kiroho, mmonaki mzee, alimwambia: "Nimeshika mikono ya watu wanaokufa na sikuwaona."

Mlezi hakumpa maneno mengi. Alimwambia aamke saa kumi na moja alfajiri, aketi mbele ya tabernakulo, kisanduku kinachotunza Ekaristi kanisani, asome Injili ya siku polepole, kisha anyamaze na Mungu mpaka saa moja iishe, simu ikiwa mbali. Alimwonya kwamba miezi ya kwanza itakuwa mikavu. Ikawa mikavu kweli: usingizi, orodha ya kazi za siku, hasira ya kikao cha jana. Aliendelea. Kufika Pasaka watu walikuwa wameona kitu bila kujua kimetoka wapi. Mahubiri yalifupika. Foleni ya kitubio ilikwenda polepole, kwa kuwa padre alisikiliza mtu mpaka mwisho. Mama mmoja wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, alisema, "Siku hizi Baba akikuuliza hujambo, anasubiri jibu."

Alipoona matunda akaongeza. Jumatatu, siku ambayo mapadre wengi hupumzika, akaifanya siku ya ukimya tangu alfajiri hadi saa sita mchana, ndani ya kikanisa kidogo cha nyumba ya mapadre. Simu alizima. Mpishi akapewa agizo moja: asisumbuliwe mpaka saa sita.

Jumatatu moja ya Novemba, saa mbili asubuhi, binti mmoja alishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba hiyo. Alikuwa ametoka kigango cha mbali, njia ya mchanga mtupu, kanga yake imejaa vumbi. Baba yake alikuwa mahututi. Tangu saa kumi na mbili walikuwa wanapiga simu ya paroko, haipatikani. Mpishi alimpokea vizuri, akampa maji ya kunywa, akamwonyesha benchi la barazani. "Baba yupo kwenye ukimya, dada. Amesema mpaka saa sita."

Binti akaketi. Hakuwa mtu wa kugombana na nyumba ya padre. Saa tatu alipita katekista kuchukua daftari la ubatizo. Alimsalimu, akasikia habari, akaenda mpaka mlango wa kikanisa, akasimama pale kidogo, akarudi. "Subiri tu, dada, atatoka." Saa tano kasoro simu ya dereva wa bodaboda ikaita. Dereva alisikiliza, kisha akampa binti simu bila kusema neno. Mzee alikuwa amefariki. Binti akapanda akaondoka, na kikombe cha maji kikabaki kwenye benchi. Kati ya benchi lile na kiti alichokalia paroko palikuwa na ukuta mmoja wa tofali.

Saa sita paroko alitoka, akaambiwa. Alikwenda msibani bila kula. Aliyempokea ni mjomba wa binti, ambaye kwa taratibu za Wamakonde ndiye msemaji wa watoto wa dada yake. Mjomba huyo ni Mwislamu, jambo la kawaida katika familia za huku. Alimkaribisha padre kwa heshima zote, akampa mahali pa kukaa, kisha akasema mbele ya watu: "Baba Padre, nina swali moja tu. Asubuhi ulikuwa unazungumza na nani, mpaka mgeni wake akakalishwa nje?"

Paroko hakujibu. Aliketi jamvini na wanaume wengine mpaka jioni.

Kikao cha halmashauri

Wiki mbili baadaye Halmashauri ya Walei, baraza la waamini wasio mapadre, ilikaa. Mwenyekiti alisema wazi kwamba padre ni mtu wa watu: simu yake iwe hewani usiku na mchana, sala zake azifanye watu wakishalala. Kiongozi wa Karismatiki, kikundi cha sala za sauti na karama za Roho, alikuwa na hoja nyingine. Katika Biblia, alisema, watu humlilia Mungu kwa sauti. Kufumba macho na kukaa kimya muda mrefu ni mambo ya dini za Mashariki, na nyumba iliyoachwa tupu huingiliwa na pepo. Katekista alizungumza mwisho, kwa shida: "Mimi nilifika mpaka mlangoni. Mkono ulikataa kubisha."

Paroko alisimama, akaiomba radhi familia ya marehemu na halmashauri, akasema kuanzia siku ile ukimya umekwisha. Atarudi kuwa kama zamani. Wengi walipumua. Mama wa WAWATA, yule aliyesema habari ya hujambo, aliomba uamuzi usipitishwe siku hiyo, na kikao kikaahirishwa.

Alifanya vizuri kuomba hivyo. Ninavyoona, padre kuacha sala yake kungeleta hasara ya pili juu ya ile ya kwanza. Watu walisahau, kwa uchungu wa siku ile, "kama zamani" kulikuwaje. Zamani mzee yule angepakwa mafuta na mtu asiyemwona.

Ndani na nje

Tukisikia kisa kama hiki wengi tunakimbilia Luka 10, Martha aliyehangaika na kazi na Mariamu aliyeketi kumsikiliza Yesu, kila mmoja akimchukua dada wa upande wake. Mapokeo ya Kanisa kuhusu wachungaji yanaanzia mahali pengine. Papa Gregori Mkuu alikuwa mmonaki aliyetolewa monasterini akafanywa Askofu wa Roma mwaka 590, na hakuficha kwamba alihuzunika kuuacha utulivu wake. Katika kitabu chake cha kuwaongoza wachungaji, sehemu ya pili, anadai mchungaji awe karibu na kila mtu kwa huruma, na wakati huohuo awe juu ya wote kwa taamuli, yaani kumtazama Mungu kimya kwa moyo. Anamtaja Musa, aliyekuwa akiingia na kutoka hemani mara kwa mara: ndani anavutwa na mambo ya Mungu, nje anabanwa na shida za wanyonge. Mtu ni yule yule mmoja. Gregori hakuwagawa wachungaji wawe wa ndani na wa nje, wala hakuruhusu mlango wa hema ufungwe upande mmoja.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa lote, katika hati yake ya mwaka 1965 kuhusu huduma na maisha ya mapadre, unaligusa jambo hilihili katika namba ya 14. Unakiri kwamba padre wa leo anavutwa huku na huku na majukumu mengi, akijiuliza atayaunganishaje maisha yake ya ndani na kazi za nje. Kisha unasema kwamba kupanga kazi vizuri peke yake hakutaleta umoja huo, na mazoezi ya sala peke yake hayataleta. Umoja unatokana na upendo wa kichungaji, yaani kufanya mapenzi ya Baba na kujitoa kwa kundi kama Kristo. Nilipokuwa nakiunga kisa hiki nilirudi mara nyingi kwenye namba hiyo, kwa sababu paroko wetu alijaribu njia zote mbili, moja baada ya nyingine. Kwanza alijaribu ratiba ya kazi ikamkausha. Akajaribu ratiba ya sala, nayo ikawa ukuta.

Kuna maneno makali zaidi kwa wale wanaodhani padre anayekimbia huku na huku ndiye mwenye upendo. Yohane Kasiano, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 5 akikusanya hekima ya wamonaki wa Misri, anaeleza ugonjwa wa roho ambao wazee wa jangwani waliuita pepo wa adhuhuri, wakiutazama ule "uele uharibuo adhuhuri" wa Zaburi ya 91. Mmonaki aliyeshikwa nao huchoka na chumba chake, hutazama jua akiona haliendi, hutafuta sababu ya kutoka. Na sababu anazozipata, anasema Kasiano, ni njema kwa sura: kwenda kuwaona wagonjwa, kumsaidia mama fulani mcha Mungu asiye na ndugu. Huduma yenyewe inageuka njia ya kukimbia. Paroko aliyeacha pikipiki ikiunguruma nje ya nyumba ya mgonjwa alikuwa na shughuli nyingi na hakuwa amefika popote. Saa ya alfajiri ilianza kumponya. Kuiondoa kwa sababu ya Jumatatu moja ni kumrudisha kwenye ugonjwa wake, na wagonjwa wa vigango vyote kumi na kimoja wangeulipia.

Mlango

Kosa la kisa hiki lilikuwa mlangoni, na ajabu ni kwamba wamonaki, watu wa ukimya hasa, ndio walioandika habari za mlango kwa makini kuliko wote. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, ina sura nzima juu ya bawabu, sura ya 66. Langoni awekwe mzee mwenye busara, ajuaye kupokea ujumbe na kutoa jibu, na ambaye umri wake haumruhusu kuzurura. Chumba chake kiwe karibu na lango, ili wanaokuja wamkute mtu siku zote. Mtu akibisha, au maskini akiita, bawabu aitikie mara moja "Tumshukuru Mungu" au aombe baraka, na ajibu upesi, kwa upole wote wa kumcha Mungu na kwa joto la upendo. Akihitaji msaidizi, apewe ndugu kijana. Na sura ya 53 inataka kila mgeni apokewe kama Kristo mwenyewe.

Wamonaki wa Kanuni hii wanajulikana sana Kusini. Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia walifungua Lukuledi mwaka 1895 na Nyangao mwaka 1896. Misheni zote mbili zilishambuliwa katika Maji Maji mwaka 1905, na mwaka uliofuata wakaanzisha Ndanda. Mtu akisimama Ndanda leo anaona monasteri na hospitali mahali pamoja. Kengele ya sala inalia, na upande wa pili wagonjwa waliotoka Masasi, Newala na kwingineko wako wodini. Hakuna anayeona ajabu. Mlezi wa kiroho wa paroko alitoka katika ulimwengu huo, ambao ukimya wake umezungukwa na watu: kuna bawabu, kuna ndugu wa zamu, kuna muuguzi. Paroko aliubeba ukimya akaupandisha uwandani bila hao watu. Akabaki na agizo moja lenye saa ya mwisho na lisilo na neno "isipokuwa".

Mpishi asilaumiwe. Alifanya alichoambiwa, na alikuwa mpole kwa binti. Katekista naye alishindwa na heshima; kwetu mtu habishi hodi ovyo kwa mkubwa aliye na shughuli na Mungu. Ndiyo maana ruhusa ya kubisha hodi lazima itolewe mapema na yule aliye ndani, tena kwa maneno mazito kuliko yale ya kukataza. "Mtu akiwa kufani, ingia, usibishe, unishike bega." Agizo la namna hiyo linatosha. Asiyelitoa amewaachia watu wadogo mzigo wa kuamua kati ya Mungu na mgonjwa, na wataogopa, kama alivyoogopa katekista.

Mtakatifu Visenti wa Paulo, Mfaransa wa karne ya 17 aliyewalea Mabinti wa Upendo, aliwafundisha kwamba ikiwalazimu kuacha sala kwa ajili ya maskini wasisononeke, kwani wanamwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Maneno hayo hutumiwa vibaya na wavivu wa sala. Visenti aliwaambia wanawake ambao kila siku walikuwa na sala ya kuacha. Asiye na sala hana cha kuacha.

Jambo hili liko wazi zaidi katika Marko 6, ingawa mara nyingi tunasoma nusu. Mitume wanarudi kazini, na watu wanaokuja na kwenda ni wengi hata hawana nafasi ya kula. Yesu anawaambia, "Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo." Wanapanda chombo. Umati unawatangulia kwa miguu, na aliposhuka aliwahurumia, akaanza kuwafundisha mambo mengi, na siku ile akawalisha. Hapo wahubiri wengi huishia: mapumziko yalivunjwa, huduma ikashinda. Lakini aya ya 46 inaendelea. Akawaaga, akaenda mlimani kuomba. Faragha iliyovunjwa asubuhi ilirudishwa jioni ya siku ileile. Yesu hakuufukuza umati kwa ajili ya sala, na hakukubali umati uile sala yote. Paroko wetu angetoka saa mbili asubuhi, angepanda pikipiki, angempaka mzee mafuta, angeketi na familia, na saa kumi jioni angerudi kwenye kiti chake akaendelea. Siku ile ingekuwa siku ya ukimya sawasawa na nyingine.

Hofu ya kiongozi wa Karismatiki

Hoja yake ilichekwa kidogo kikaoni, na haikustahili kuchekwa. Oktoba 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani, chini ya Kardinali Joseph Ratzinger, iliwaandikia maaskofu barua juu ya swali hilohilo, kwa kuwa njia za kutafakari kutoka Mashariki zilikuwa zimeingia kwa Wakristo wengi. Barua haikukataa kila kitu cha huko. Ilionya kwamba utulivu wa mwili na hisia za kupendeza zisidhaniwe kuwa ndiyo kazi ya Roho Mtakatifu, na kwamba sala ya Kikristo ni mtu kukutana na Mungu aliyejifunua katika Kristo. Kiongozi wa Karismatiki alikuwa ameshika uzi huo, ingawa kwa ncha yake. Nyumba tupu ni hatari kweli. Ndiyo sababu mlezi alimwambia paroko aanze na Injili ya siku. Guigo wa Pili, mmonaki wa Kartusi wa karne ya 12, alieleza njia hiyo kuwa ngazi ya vidato vinne: kusoma, kutafakari, kuomba, na taamuli. Anayenyamaza kwa njia hii ananyamaza akiwa na Neno kinywani.

Wala ukimya haukuingia parokiani na paroko huyu. Jumuiya Ndogo Ndogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizifanya kipaumbele chao katika miaka ya 1970, nyingi husoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Hatua ya nne ni kukaa kimya ili Mungu aseme. Kila anayesali katika jumuiya anaijua hatua hiyo, na anajua inavyofanywa: mwenyekiti anasema "tukae kimya", mtoto anakohoa, na kabla kikohozi hakijaisha mwenyekiti ameshaingia hatua ya tano. Misale nayo, namba 45 ya Maelekezo yake ya Jumla, inataka ukimya mtakatifu katika Misa, baada ya masomo, baada ya mahubiri na baada ya komunyo. Sisi tunaujaza kwa nyimbo na matangazo ya mavuno.

Msibani pia tunajua. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba mchana na usiku bila neno, na walikuwa marafiki wema mpaka walipofungua midomo. Paroko alipoketi jamvini jioni ile bila kujitetea alifanya kitu kinachoeleweka na kila mtu wa Newala. Hata swali la mjomba lilitoka ndani ya imani. Waislamu wa Kusini, tangu Lindi na Mikindani mpaka bara, wana twarika zao, yaani njia zao za kisufi, na zikiri zao za kumtaja Mungu; hakuuliza kwa nini mtu ajitenge na Mungu. Aliuliza kwa nini mgeni wa Mungu huyo akalishwe nje. Kikao kizima hakikupata swali bora kuliko hilo.

Jambo lililofichwa na Jumatatu

Mzee yule hakuugua Jumatatu. Alikuwa kitandani karibu mwezi mzima, na jumuiya yake ilijua. Kwa nini hakupakwa mafuta mapema? Kwa sababu huku, kama sehemu nyingi, padre akionekana na mafuta watu huanza kutafuta sanda. Yakobo 5:14 inasema, "Mtu wa kwenu amekuwa hawezi? Na awaite wazee wa kanisa." Anayetajwa hapo ni mgonjwa, hakutajwa aliye kufani. Mtaguso, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, namba ya 73, ulieleza kwamba mpako si sakramenti ya walio katika dakika za mwisho tu. Wakati wake unaofaa umeshafika mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee.

Kwa hiyo hata simu ingekuwa wazi, parokia ilikuwa inacheza na dakika. Paroko aliyekuwa ameanza kuona watu kwenye kitubio hakuwa bado ameona wagonjwa wake wote. Taamuli ya mchungaji haiishii kwenye kiti. Inataka pia majina. Nani amelala muda mrefu, kigango gani, nani anamwuguza, amekula mwili wa Bwana lini. Mtu akiwa na majina hayo mkononi saa kumi na moja alfajiri, sala yake inakuwa sala ya paroko.

Walichoamua

Kikao cha pili kilibakiza saa ya alfajiri bila mjadala mrefu. Jumatatu ikafupishwa, iishe saa nne. Na mara moja kwa mwezi paroko aende mafungoni siku nzima, paroko jirani akipokea simu zake, naye akimlipia zamu hiyo. Mzee mmoja mwalimu mstaafu, anayekaa jirani na kanisa, alikubali kuwa mtu wa mlangoni, na anakaa na simu ya kitochi ambayo namba yake wanayo wenyeviti wote wa jumuiya. Yeye na mpishi waliambiwa mbele ya halmashauri kwamba kwa mtu aliye hatarini hawana haja ya ruhusa. Makatekista wakafundishwa kuongoza sala za kumkabidhi Mungu anayekufa, kwa maana hata padre mwenye simu wazi anaweza kukwama na pancha mchangani. Na kila jumuiya ilete orodha ya wagonjwa wake kila mwezi.

Lililobadilisha zaidi hali ya hewa lilikuwa dogo. Saa ya ukimya ilitangazwa Dominika pamoja na ratiba ya Misa, na mlango wa kanisa ukaachwa wazi: anayetaka aje akae. Walikuja wazee wachache, na siku nyingine yule kiongozi wa Karismatiki, na Biblia yake. Sala ambayo watu walikuwa wanaisikia kwa mpishi tu, sasa waliiona kwa macho.

Kwa wachungaji wa Kilutheri na makasisi wa Kianglikana wenye familia, kisa hiki kina sura nyingine. Bawabu wao mara nyingi ni mke, na hakuulizwa kama anataka kazi hiyo. Anapokea wageni, anapika, anaficha, anasema "mchungaji amepumzika kidogo", analaumiwa. Ukimya wa mume unaosimama juu ya mgongo wa mke una kasoro ileile ya ukuta wa tofali. Waanglikana wa Masasi, misheni iliyoanza mwaka 1876, wana kumbukumbu ya kuwasaidia hapa: askofu wao wa mwaka 1960 hadi 1968, Trevor Huddleston, alikuwa mtawa wa Jumuiya ya Ufufuko, aliyelelewa katika sala za vipindi za pamoja, na ndiye yule aliyesimama hadharani dhidi ya ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Sala yake ilikuwa na ratiba ya jumuiya na ndugu wa kumshika mkono. Mchungaji aliye peke yake na familia yake inambidi awatafute wa kumshika mkono miongoni mwa wazee wa kanisa.

Binti

Paroko alikwenda kumwona baada ya matanga. Hakueleza habari za sala. Alisema, "Ulikuja, na mimi nilikuwa ndani. Nisamehe." Binti hakuzungumzia msamaha. Aliuliza, "Baba yangu yuko wapi sasa?"

Hilo ndilo swali la kichungaji la kisa kizima, na linajibika. Kanisa halifundishi kwamba aliyekosa mafuta amekosa Mungu. Mzee alitaka sakramenti, alimtuma mwanawe. Hamu hiyo Mungu aliipokea kabla bodaboda haijafika. Paroko alimwambia hivyo kwa maneno machache, akamwachia nafasi ya kulia. Ila kusema kweli hiyo hakukumfutia yeye saa zile tatu za benchi. Misa ya arobaini familia iliomba isomwe na padre mwingine. Paroko aliitafutia padre, akahudhuria akiwa katikati ya waamini, wala hakutafuta kuombwa neno la mwisho. Nadhani alifanya sawa. Aliyejeruhiwa asiharakishwe ili mchungaji apate nafuu.

Limebaki suala la uhamisho, nalo ndilo mara nyingi linaua mipango mizuri. Paroko huyu ataondoka siku moja, na kama utaratibu umeandikwa kwa jina lake utaondoka naye. Ajaye atakuta mwalimu mstaafu na simu ya kitochi asijue ni za nini. Halmashauri iliuandika wote katika muhtasari, saa za ukimya na maagizo ya mlangoni pamoja. Mwenyekiti, yuleyule aliyetaka sala zifanywe watu wakilala, ndiye aliyeomba iongezwe kwamba paroko mpya akabidhiwe utaratibu huo siku ya kwanza, pamoja na vitabu vya ubatizo na ndoa na orodha ya wagonjwa.